Vidole vya Pembeni

Munganga hakupanda gari la mtu kabla ya kumkagua dereva wake. Teksi ilisimama, mlango ukafunguliwa, naye badala ya kuingia alizunguka hadi dirisha la mbele, akainama na kumvuta dereva kope ya chini kwa kidole gumba. "Angalia juu. Chini. Sasa soma ile kibao kule." Dereva akisoma, Munganga alipanda na kumsifu njia nzima. Dereva akitukana, Munganga alimtakia safari njema, akaenda zake kwa miguu hadi kwake, mtaa wa Katuba, jua la Oktoba likimchoma utosi. Viatu vyake sikuwahi kuviona vikiwa na soli nzima.

Hakuwa daktari. Alikuwa muuguzi katika zahanati ya kampuni yetu ya usafirishaji, na kazi yake ilikuwa moja: kupima macho ya sisi madereva wa malori, mara mbili kwa mwaka. Tulimwita Munganga kwa sababu huku Lubumbashi yeyote aliyevaa koti jeupe ni munganga, na koti lake yeye lilikuwa jeupe kuliko ya madaktari. Mimi nilikuwa dereva wa njia ya Pweto. Nilipeleka sukari, chumvi na sabuni kule ziwani Mweru, nikarudi na samaki wakavu. Leo siendeshi hata baiskeli. Jicho la kulia limekufa, na la kushoto limebaki na tundu la kuonea katikati. Herufi hizi ninaziona. Mkono unaoziandika, nusu yake siioni. Yeye alinionya mapema, mbele ya watu, nami nikacheka. Kicheko kile ndicho kinachoniandikisha haya yote.

Inabidi niseme kidogo juu ya utani, maana ndio uliotuponza. Munganga alikuwa wa ukoo wa Chui, mimi wa ukoo wa Mbuzi, na kwetu koo hizi mbili ni watani. Chui humwambia Mbuzi lolote, Mbuzi hujibu, na hakuna ruhusa ya kununa. Anaweza kukuita mwizi mbele ya mkweo, ukacheka. Anaweza kuja kwenye msiba wa baba yako, akajilaza pale marehemu alipolazwa na kudai chakula, nanyi mkacheka huku machozi yanawatoka. Anayekasirika ndiye mwenye kosa. Kwa hiyo miaka yote niliyomjua sikusikia jina langu kinywani mwake. "Kitoweo kimefika," alisema kila nilipoingia zahanati, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Lakini kwenye kazi yenyewe alikuwa mkali. Ubao wa herufi ulikuwa ukutani, nasi tuliujua kwa kichwa, na wake zetu waliujua, na yeye alijua kwamba tunaujua. Alitusomesha mstari wa mwisho kwa kuuheshimu ubao tu, kisha akatugeuza dirishani. Ng'ambo ya uwanja mke wa mlinzi alikuwa ameanika vitenge vyake. "Kikwembe ya tatu, kuanzia ku nguzo. Banachora nini juu yake?" Kama ni kuku ulisema kuku, kama ni feni ulisema feni. Siku ambayo mke wa mlinzi hakufua, Munganga alinuna kama mtu aliyeibiwa vyombo vya kazi.

Baada ya dirisha alikuambia ufumbe macho, akayabonyeza juu ya kope kwa vidole viwili, taratibu, kama mama anayechagua maparachichi sokoni. Jicho zima, alitueleza, hubonyea kidogo. Jicho gumu lina maji yaliyokosa njia ya kutoka, na maji hayo huukandamiza mshipa wa kuonea mpaka unakufa. Ugonjwa huo hauumi. Unaanzia pembeni, unakula ukingo polepole, na mwenye jicho hajui kitu kwa sababu mbele yake bado anaona vizuri. Kilichokufa hakirudi, lakini dawa ya matone huokoa kilichobaki. Dereva wa namna hiyo, alisema, atakusomea ubao wote mpaka chini, kisha atamgonga ng'ombe aliyesimama kando ya barabara.

Ndiyo maana jaribio lake la mwisho lilikuwa vidole vya pembeni. Alikaa mbele yako, magoti yenu yakagusana, akakufunika jicho moja. "Angalia pua yangu. Hii njo kitu kimoja tu kizuri mu hii chumba." Ukiwa umeikazia macho ile pua yake pana, alinyoosha mkono kando na kuinua vidole, kimoja, viwili, vitatu. Ulitakiwa kuvihesabu bila kuviangalia. Madereva wengi tulidhani ni mchezo wake tu, maana ubao tuliuona una sura ya kizungu na ya kweli, lakini vidole, nani hana vidole?

Hongo haikumwingia, ingawa tumbo lake lilikuwa wazi kwa kila kitu. Mwenzetu mmoja wa njia ya Pweto, aliyeona ukungu, alimletea mfuko mzima wa samaki wakavu siku moja kabla ya kupimwa. Munganga alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akauliza habari za watoto. Kesho yake alimwandikia kwamba hafai kuendesha mpaka avae miwani. "Samaki ni tamu, macho ni mabaya," akamwambia mbele yetu sote. "Samaki nimekula, macho nimekataa." Yule bwana akadai arudishiwe samaki wake. Munganga akajipiga tumbo: "Kuja uikamate."

Kwa upande mwingine, mtu huyu asiyeweza kudanganya kwenye daftari hakuweza kumwambia mtu habari mbaya akimtazama usoni bila kuipaka utani. Hakuufanya kwa sisi watani wake pekee. Kulikuwa na dereva mzee ambaye ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemfunika macho yote mawili. Munganga alimpima kimya, kisha akamuuliza: "Papa, siku hizi bibi yako amekuwa kijana tena, ee? Hauone tena makunyanzi yake?" Mzee akacheka, akaendelea kucheka, halafu kicheko kikakatika na akauliza kwa sauti ndogo, "Nitapasuliwa?" Alielewa. Alipelekwa, akapasuliwa, akaona. Munganga aliamini kwamba habari ikiingia na kicheko haiumizi. Kwa watu wengi ilikuwa hivyo, na kwa sababu ilikuwa hivyo hakujifunza njia nyingine.

Siku yangu ilikuwa Jumatatu. Nilisoma ubao. Niliona kikwembe cha tatu. Akabonyeza macho yangu, akakawia, akabonyeza tena. Kisha vidole. Upande wa kushoto nilihesabu sawa. Upande wa kulia nikasema kimoja. Akasema hebu tena, nikasema kimoja. Foleni ikanyamaza, maana vilikuwa vinne na wenzangu walikuwa wanaviona. Nilijua nimekosa. Basi nikafanya kile Mbuzi anachokijua.

"Chui inaficha kucha zake," nikasema. "Mbuzi itahesabu namna gani?"

Wakacheka wote. Munganga naye alicheka, nakumbuka hata meno yake. Halafu, kicheko kikiwa bado mdomoni, akaniambia: "Weye Mbuzi, utakufa kipofu. Uko unaangalia dunia mu tuyau. Rudia kesho, nikule haya macho haijaoza bado."

Kila neno lilikuwa la kweli. Dunia nilikuwa kweli naanza kuiona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, macho yalikuwa kweli yanaoza, na kesho kweli nilitakiwa nirudi. Aliandika kwenye daftari kwamba atanipima tena kabla ya kunipigia muhuri. Lakini nilitoka pale nimeshika mbavu, nikawasimulia wapakizi, nao wakashika mbavu. Kesho yake nilikuwa barabarani, naelekea Pweto na chumvi.

Niliporudi, mji ulikuwa mwingine. Askari ambao hawakulipwa walikuwa wameanza kupora, wananchi wakawafuata, na zahanati yetu haikuwa na mlango, wala madirisha, wala ubao wa herufi. Sanduku lake la lenzi za kujaribia miwani lilikuwa limekwenda. Daftari lilichomwa, na pamoja nalo kile alichoandika juu yangu. Nisiwe mnafiki: nilifurahi kidogo.

Munganga alizunguka soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, wiki baada ya wiki akitafuta lenzi zake. Moja aliikuta kwa fundi saa, nyingine ilikuwa kifuniko cha chupa ya mafuta kwa mama mmoja muuza ndizi, na kadhaa walikuwa nazo watoto waliozitumia kuwashia makaratasi juani. Hakumwita mtu mwizi. Alibadilishana: shati lake kwa lenzi mbili, sahani kwa moja, kuku kwa nne. Alipata zaidi ya nusu. Zilizokosekana alizijua kwa namba, akaziulizia kama mtu anayeulizia ndugu waliohama. "Namba tatu iko inachoma sisimizi mu Katuba," alisema, "lakini itarudia."

Kampuni haikurudi. Malori yalisimama juu ya matofali, mafuta yakakosekana, mishahara ikawa hadithi. Munganga alifungua kazi uani kwake, kiti kimoja na nusu ya lenzi, akipima kwa yeyote aliyeleta unga au mkaa. Wateja wake hawakuwa madereva. Siku zile cheti cha kuendesha kilipatikana bila jicho kuangaliwa, na dereva hapeleki jicho lake kwa mtu ambaye hakumlazimisha.

Mimi nilipata kazi kwa mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini, mtu wa dini sana na mwenye haki kwa wafanyakazi wake. Kabla ya kila safari alituweka duara kuzunguka lori na kuomba. Aliombea injini, aliombea matairi, breki, mzigo na daraja moja bovu ambalo alilitaja kila mara. Macho yangu hakuna aliyeyataja, na mimi nilisema amina kwa sauti.

Hapo ndipo salamu zilipoanza. Kila dereva aliyepita Katuba alinifikia Pweto na ujumbe. "Munganga anasema: Mbuzi alete macho, Chui iko na njaa." Nikajibu: "Mwambie akule samaki." Baada ya miezi: "Anasema macho ya Mbuzi ikikauka haina tena utamu, ufanye mbio." Nikajibu: "Mwambie meno yake njo itakauka kwanza." Tulikuwa tunakula ugali pale kwenye maegesho, tukacheka mpaka wenye samaki wakageuka kututazama. Hivyo hivyo, miaka minne au mitano. Nilimsimulia kila mtu kwamba Chui wangu hanisahau, anatuma utani hadi ziwani. Nilijivunia. Sikujiuliza hata mara moja kwa nini mtu mwenye watani nusu ya mji anamtumia salamu za macho mmoja tu.

Au labda nilijiuliza. Niseme wazi: nusu yangu ilijua. Vioo vya pembeni vilikuwa vinanipotea. Watu walitokea mbele yangu ghafla, kana kwamba wameota kutoka ardhini, nami niliwalaumu wao. Siku moja, mchana kweupe, karibu na njia ya kuingia Kasungami, nje kidogo ya mji, nilisikia gunia likipasuka kabla sijaona chochote. Nilikuwa nimemgonga mtu wa baiskeli aliyebeba mkaa, upande wangu wa kulia. Nilishuka nikimfokea: "Hauone?" Yeye, amelala juu ya makaa yake, mguu umegeuka vibaya, akaniuliza mimi swali lile lile. Nilimpeleka hospitali. Aliishi, lakini mguu haukunyooka tena, na kosa lilikuwa langu, na sikulisema kwa mtu yeyote.

Hata baada ya siku hiyo sikwenda kwa Munganga. Niliogopa ataniambia niache lori, na lori lilikuwa chakula chetu na masomo ya binti yangu, ambaye nilibaki naye peke yangu baada ya mama yake kufariki. Ukimwogopa sana anayepima, unafika mahali unaona yeye ndiye ugonjwa. Nilikuwa na jicho moja zima na nusu ya jingine, na dawa ya kuyalinda alikuwa anaijua mtu aliyekaa dakika ishirini kwa miguu kutoka kwangu. Ninapolala mchana, maana siku hizi nalala mchana, hesabu hiyo hunijia yenyewe.

Vita vilipofika Pweto watu wakavuka ziwa kukimbilia Zambia, barabara ikafa. Bosi akauza lori, akanikumbatia, akaniombea. Nikabaki nyumbani, na nyumbani hakuna barabara ya kulaumu. Niligonga mwimo wa mlango, nikagonga tena. Nilimwaga sufuria ya maharage iliyokuwa kando ya mguu wangu. Binti yangu, siku hizo mwanafunzi wa chuo kule Kasapa, alinitazama wiki nzima, kisha akanivalisha shati safi na kuniambia, "Papa, tunaenda kwa Chui yako."

Munganga alikuwa amehamia Kasungami, ana shamba la mahindi na maharage nyuma ya nyumba. Binti yangu aliniambia kwamba amezeeka, amekonda, lakini anatembea bila fimbo na alitutambua tukiwa bado mbali kwenye mwisho wa njia. Nilimtafuta kwa lile tundu langu, nikapata kola ya shati, kisha kidevu, kisha pua. Nikaanza kama inavyopaswa.

"Chui, umekonda! Mbuzi bote bamekukimbia?"

Nilisubiri anirudishie. Nilisikia akivuta kiti. Akanikalisha, magoti yakagusana, akabonyeza macho yangu kupitia kope. Akanifunika jicho la kushoto, na giza likaingia lote. Akalifunua, akafunika la kulia.

"Angalia pua yangu. Vidole ngapi?"

Mwili wangu ulikuwa umezoea kudanganya. "Mbili," nikasema.

"Mikono yangu iko ku magoti," akasema. "Sijanyanyua kitu."

Kisha akanieleza yote, bila mzaha, polepole, kama mtu anayesoma kwenye daftari. La kulia limekufa na halitarudi. La kushoto limebaki na kidogo, na kidogo hicho kitalindwa kwa matone, asubuhi na jioni, mpaka nife. Sikuizoea sauti hiyo. Iliniogopesha kuliko habari yenyewe.

"Munganga," nikamwambia, "unitukane kidogo."

"Hapana," akasema. "Ile siku nilikutukana, ukacheka, na mie nikacheka. Nilipashwa kukukamata mukono, nifunge mulango, nikuambie kama vile banaambiaka muntu. Nilituma bantu, nilituma bantu. Mbona sikukuja miye mwenyewe? Nilisema Mbuzi atasikia." Nilimsikia akijipangusa uso kwa kiganja. "Unisamehe, ndugu."

Nilitaka kumwambia kwamba masikio yalikuwa yangu, na miguu ya kuja kwake ilikuwa yangu. Nilisema tu, "Tulikosa bote." Hilo ndilo neno kubwa kuliko yote niliyowahi kumwambia, na limechelewa kupita kiasi.

Tulidhani tumemaliza. Binti yangu alikuwa amesimama, ananishika kwapani aninyanyue, Munganga akauliza, "Na huyu mutoto?"

"Mie? Macho yangu iko muzuri, papa Munganga. Ninasoma ubao hata nikiikala ku nyuma kabisa ya auditoire ya chuo."

"Baba yako naye alisoma muzuri. Ikala."

Binti yangu akakaa kwenye kiti changu. Sikuweza kuwaona wote wawili kwa pamoja, kwa hiyo niliangalia chini na kusikiliza. Nilimsikia akimwambia afumbe macho. Halafu akakawia. Kukawia kule nilikutambua.

"Macho iko ngumu kidogo," Munganga akasema. "Hii ugonjwa inatokaka kwa baba, inaingia kwa batoto. Haiko mbaya bado, lakini vidole yangu haiko mashini. Kesho asubuhi muende ku hôpital, bapime tension ya macho, nguvu ya ile maji ya ndani. Kesho. Hapana kungoja Jumatatu, hapana kungoja examens iishe. Kesho."

Binti yangu, kwa desturi yetu, ni wa ukoo wa mama yake, lakini amelelewa ndani ya utani wetu, anaujua wote, kila kisa cha Pweto nilimsimulia mimi mwenyewe nikimpakulia ugali. Basi akacheka, kicheko changu kabisa, cha tumboni.

"Ah, Chui imezeeka, meno imeisha, sasa inatafuta kabuzi kadogo!"

Nilinyoosha mkono kumshika, nikakosa, nikashika hewa. Nikanyoosha tena, nikaupata mkono wake juu ya kiwiko na kuukaza, nadhani nilimuumiza.

"Usicheke," nikamwambia.

"Papa, ni utani."

"Najua. Na mie njo vile nilicheka."

Kicheko kikamwishia. Nilimsikia akigeuza uso kwangu, akakaa hivyo, ananitazama, sijui aliona nini. Kisha akamgeukia Munganga.

"Kesho saa ngapi?" akauliza.